Chumvi ya Mfalme

Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, sheria ya Ufaransa iliwagawa watu mafungu matatu: la kwanza makasisi, la pili makabaila, la tatu waliobaki wote, kuanzia wakili tajiri wa mjini hadi kibarua asiye na shamba. Fungu hili la tatu lilikuwa na watu kama 98 katika kila 100. Anayetaka kujua mgawanyo huo uliumaje, aingie jikoni aulize habari za chumvi.

Katika mikoa ya kuzunguka Paris, na magharibi hadi Maine na Anjou, chumvi ilitoka ghala la mfalme tu, na kodi yake, gabelle, ilikuwa ndani ya bei. Kuacha kununua hakukuruhusiwa. Amri ya mwaka 1680 ilidai kila watu 14 waliopita umri wa miaka minane wachukue minot moja kwa mwaka, karibu kilo 50. Nayo ilikuwa ya chunguni na ya mezani basi. Mkulima aliyechinja nguruwe wake akaikausha nyama kwa chumvi hiyo, alitozwa faini. Ya nyama ilibidi anunue nyingine.

Makabaila kadhaa, maofisa wa mahakama na nyumba za watawa, wao walipata mgawo usio na kodi. Haki hiyo iliitwa franc-salé.

Ukivuka mpaka wa Maine unaingia Bretagne, mkoa uliojiunga na Ufaransa mwaka 1532 ukabaki na msamaha wake wa gabelle. Huko chumvi ilikuwa rahisi mara ishirini na zaidi. Basi usiku ukiingia, magendo yalianza: wanaume na mizigo mgongoni, wanawake na vifurushi ndani ya nguo, hata mbwa waliofunzwa kukimbia na chumvi hadi nyumbani. Aliyenaswa akakosa fedha za faini, aliweza kuishia kwenye makasia ya merikebu za mfalme.

Mfalme Louis XVI alipotaka kusikia malalamiko ya raia mwanzoni mwa 1789, vijiji vingi viliitaja gabelle. Bunge likaifuta mwaka 1790. Napoleon, mwenye vita vya kulisha, aliirudisha kodi ya chumvi mwaka 1806. Lakini franc-salé haikurudi nayo. Chungu cha bwana na cha kibarua sasa vilikolezwa kwa chumvi iliyolipiwa kodi ile ile.