Kidonge Kilitangulia Jibu

Binamu yangu aliacha dawa kwa sababu ya swali moja. Kliniki walimwambia ana skizofrenia, kwamba dopamini imezidi kichwani. Akauliza, "Kipimo kiko wapi?" Hakuna. Ukipimwa damu huoneshwi dopamini ya wazimu. Basi akaona anadanganywa, vidonge akavitupa. Baada ya muda zile sauti zikarudi.

Swali lake lilikuwa poa. Shida ni kwamba alisimuliwa hadithi kutoka mwisho.

Mwanzo wake ni Ufaransa. Daktari wa upasuaji, Henri Laborit, alikuwa anatafuta dawa ya kuwasaidia wagonjwa wake kuhimili kisu. Alipojaribu klopromazini, akaona mtu yuko macho lakini wasiwasi umemtoka. Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wakawapa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Watu waliokuwa wakipiga kelele wakatulia, wakaanza kuongea. Kwa nini? Hakuna aliyejua.

Jibu lilianza na sungura. Kule Uswidi, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, wakaganda. Wakawadunga L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na sungura wakaamka. Kumbe dopamini ni mjumbe kati ya seli za ubongo! Mwaka 1975, timu ya Philip Seeman kule Toronto ikaonyesha kwamba dawa inayoshika vizuri zaidi kipokezi cha dopamini ndiyo inayohitaji dozi ndogo zaidi.

Hapo wengi wakarukia hitimisho: dopamini imezidi, kwisha. Lakini mwavuli hukukinga mvua bila kukueleza mawingu yametoka wapi. Dawa hizo hupunguza sauti, ila kujitenga na kukosa hamu ya mambo mara nyingi hubaki. Na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha Cobenfy, dawa ambayo haizibi vipokezi vya dopamini. Inapitia njia ya mjumbe mwingine, asetilikolini.

Siku hizi binamu anameza tena. Nilimsimulia haya yote, Paris hadi sungura. Akacheka. "Kwa hivyo hata wao walianza kwa kuona tu inasaidia?"

Ndiyo. Waliona inasaidia, kisha wakaendelea kuuliza. Nikamwambia na yeye aendelee kuuliza, bora asitupe vidonge akingoja jibu.