Chai ya Mlimani na Uwanda wa Kawambwa

Mwaka 1903 chai ilipandwa Limuru, Kenya, na miaka hiyohiyo Wajerumani wakaijaribu Amani, katika milima ya Usambara. Wabelgiji nao wakaipanda katika nyanda za juu za Kivu, na baada ya uhuru wa 1964 Zambia ikaanzisha shamba lake Kawambwa, mkoani Luapula, kwenye uwanda wa karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hilo ndilo shamba la chai lililo karibu na Mantapala, makazi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Zao lililotawala katika mashamba haya yote ni chai nyeusi, yaani ile ambayo majani yake husagwa na kuachwa yageuke kabisa kwa hewa, kwa kuwa ndiyo iliyotakiwa na soko la Uingereza, na ndiyo inayostahimili maziwa na sukari.

Tofauti na mashamba hayo, Taiwan, iliyopata miche yake kutoka Fujian, China, ilijulikana kwa chai ya ulongi, ambayo mgeuko wake hukatizwa njiani: majani hunyaushwa juani, hutikiswa katika nyungo hadi kingo zichubuke na kuanza kuwa nyekundu, kisha hutiwa moto na kuviringwa. Ile inayochumwa juu ya mita 1,000, kama ya Alishan na Lishan, huitwa ya mlima mrefu. Huko ukungu na baridi huchelewesha ukuaji, na jani hupata harufu ya maua, ukakasi mdogo na utamu unaobaki kooni. Kwa hesabu ya mita, Kawambwa nayo ingestahili jina hilo, lakini hesabu hiyo ilitungwa katika kisiwa kilicho mbali zaidi na ikweta, kwa hiyo kimo peke yake hakitoshi kuwa hoja.

Ulongi haichemshwi sufuriani, bali gramu 5 za majani humiminiwa mililita 150 za maji ya nyuzi 95, kisha maji hayo humiminwa kikombeni baada ya dakika moja, na majani yaleyale hurudiwa mara tano au zaidi. Kandokando ya ziwa Mweru, linalopakana na wilaya ya Nchelenge na lililo zaidi ya mita 900 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Anayeyaepua motoni na kungoja kidogo huwa amekwisha kulipata joto linalotakiwa.