Mchukuzi wa Wrexham

David Lord alikuwa mtoto wa kambi. Baba yake alitumikia Royal Welch Fusiliers, kikosi kilichokuwa na makao Wrexham, kaskazini mwa Wales, na popote jeshi lilipomtuma baba, familia ilifuata. Ndiyo maana David alizaliwa Cork, Ireland, Oktoba 1913, akaanza shule Lucknow, India. Nyumba ya kudumu waliipata baba alipostaafu na kuhamia Wrexham. Ukiniuliza kwao ni wapi, nitakujibu ni hapo.

Alianza kusomea upadri, akafika hadi seminari ya Valladolid, Hispania, kisha akaona huo si wito wake. Akarudi nyumbani, akafanya kazi kwa mpiga picha, akajaribu kuandika hadithi fupi London. Mwaka 1936 akajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, akianzia chini kabisa, na 1939 akawa sajini rubani.

Hakurusha ndege za kudondosha mabomu. Kazi yake ilikuwa uchukuzi: akiwa Skwadroni ya 31 alipeleka chakula, risasi na dawa kwa askari waliokuwa msituni Burma. Wazee wetu wa KAR (King's African Rifles) waliopigana huko mwaka 1944 waliijua vizuri thamani ya kazi hiyo, kwani katika bonde la Kabaw, mvua zilipogeuza njia kuwa tope, posho yao ilishuka kutoka angani.

Tarehe 19 Septemba 1944 Lord aliondoka na ndege ya uchukuzi aina ya Dakota kuwapelekea risasi askari wa miavuli waliozingirwa Arnhem, Uholanzi. Dakota haikuwa na bunduki hata moja. Kabla ya kufika, mizinga ya Wajerumani iliipiga bawa la kulia, injini ikashika moto. Aliuliza zimebaki dakika ngapi kufika. Akaambiwa tatu. Angeweza kuwaamuru wenzake waruke hapo hapo, na nani angemlaumu? Badala yake alishuka hadi futi 900 na kuinyoosha ndege, huku nyuma wapakuzi wakisukuma makasha mlangoni. Alipoambiwa mawili yamesalia, aligeuza ndege inayoungua, akapita tena juu ya mizinga ile ile. Kwa jumla alikaa dakika 8 akishambuliwa na adui. Makasha yalipokwisha ndipo akawaamuru wenzake waruke, mwenyewe akibaki kwenye usukani. Bawa likakatika.

Kati ya watu 8 alipona mmoja, mwelekezi wa ndege, naye akatekwa. Baada ya kuachiliwa, ni yeye aliyesimulia kilichotokea, na Novemba 1945 Lord akatunukiwa nishani ya ushujaa ya Victoria Cross, ya pekee kwa Kamandi ya Uchukuzi katika Vita Kuu ya Pili.

Mahali alipodondosha yale makasha palikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani. Askari waliokuwa ardhini walijua. Redio zao hazikuweza kufikisha habari. Lord amezikwa Oosterbeek, jirani na Arnhem. Alikuwa na miaka 30.