Ripita na intaneti katika mnara mmoja: Ujirani unaohitaji tahadhari

Kilele cha mlima ni mali adimu katika mawasiliano. Mawimbi ya redio ya masafa ya juu husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, hivyo kila mwenye mtambo hutaka kuusimamisha palipoinuka. Anayevitazama Vilima vya Ngong huiona milingoti ikigombea anga na mitambo ya umeme wa upepo. Kwa kuwa kujenga mnara ni ghali, wengi huamua kushirikiana. Nchini Marekani, ambako desturi hii imeenea, si ajabu kukuta mnara mmoja ukiwa umebeba antena ya wanaredio wa ridhaa na, mita chache kutoka hapo, visahani vya kampuni inayosambaza intaneti isiyotumia nyaya kwa wakazi wa mashambani.

Mwanaredio wa ridhaa ni mtu aliyefaulu mtihani na kupewa leseni ya kuwasiliana hewani bila malipo. Humu nchini leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na majina ya vituo kwa kawaida huanza kwa herufi na tarakimu 5Z4. Redio ya mkononi ya mtu huyo huwa na nguvu ya wati 5 hivi, na akiwa bondeni hasikiki mbali. Ndiposa hutegemea ripita: mtambo uliowekwa mahali pa juu ambao husikiliza sauti dhaifu katika masafa fulani na papo hapo kuirusha upya kwa nguvu katika masafa mengine. Katika bendi iitwayo ya mita 2, ripita ya huku kwetu au ya Ulaya huweza kusikiliza kwenye megahezi 145.000 na kutangaza kwenye 145.600. Tofauti ni megahezi 0.6 pekee.

Hebu msomaji afikirie kazi hiyo. Ripita hunong'onezwa na kupiga kelele kwa wakati mmoja, mara nyingi kupitia antena moja. Kisikizi chake hunasa ishara ya takriban sehemu 0.2 za milioni ya volti, ilhali kirushio chake hutoa, tuseme, wati 50. Uwiano wa nguvu hizo mbili ni kama tarakimu 6 ikifuatwa na sufuri 16. Kinachokizuia kirushio kukiziba kisikizi masikio ni vichujio vinavyofanana na mitungi mirefu ya alumini au shaba, ambavyo hurekebishwa kwa uangalifu mkubwa. Fundi aliyevipanga hapendi mgeni aviguse.

Jirani yake, mtambo wa intaneti, kwa kawaida hutumia masafa ya karibu na megahezi 2,400 au zaidi ya 5,000. Mtu akitazama takwimu hizo atasema wawili hawa hawawezi kukutana, na wenye minara wengi husema hivyo. Ni kweli kwamba mawimbi yanayotoka katika kisahani chenyewe ni nadra kuisumbua ripita. Balaa hutokea mahali ambapo watu hawatazami: kwenye waya unaopanda mnara.

Waya huo wa mtandao hubeba vitu viwili, yaani data na umeme wa kuendesha kifaa kilicho juu, aghalabu volti 24 au 48. Data ikisafiri kwa kasi ya megabiti 100 au 1,000 kwa sekunde, hali ya umeme katika waya hubadilika hadi mara milioni 125 kila sekunde. Mdundo huo hauko mbali na bendi ya megahezi 145, na huzaa vijimdundo vingine juu na chini yake. Isitoshe, ndani ya kifaa mna sakiti inayokatakata umeme ili kuupunguza volti, nayo huzua mvumo wake. Waya wa mita 30 usio na kinga, ukipita kando ya antena ya ripita, ni antena kamili, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Matokeo yake ni ripita inayogeuka kiziwi huku sauti yake ikiendelea kunguruma. Hili ndilo linaloifanya hitilafu hii kuwa ya hatari. Wanaredio walio karibu na mlima husikia ripita yao vizuri na hujibiwa vizuri, kwa hivyo hakuna anayelalamika. Ripita nyingi pia hufunguliwa na toni maalumu iliyofichwa chini ya sauti ya mzungumzaji, hivyo kelele ya waya haisikiki hewani hata kidogo. Anayepotea ni yule wa mbali mwenye redio ya mkononi. Kelele ikipanda mara 10, mtu aliyekuwa akisikika kwa wati 5 atahitaji wati 50 ili asikike vilevile, na wati 50 hazipatikani mfukoni.

Katika siku za kawaida hasara hiyo ni ya gumzo tu. Siku ya janga si hivyo. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico mnamo Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya vituo vya simu za mkononi vilizimika, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaomba wanaredio wa ridhaa 50 wakasaidie. Katika hali kama hiyo anayeita kwa ripita huwa ni yule yule wa bondeni, na betri yake inakaribia kuisha.

Madhara hupita upande wa pili pia. Kirushio cha wati 50 huweza kuusukumia umeme waya wa intaneti, hata kifaa kikapoteza data au kikajizima na kujiwasha kila mwanaredio anapobonyeza kitufe. Wateja hulaumu mvua.

Tiba inajulikana na haigharimu sana ikifanywa mapema. Waya uwe wa nje, wenye kinga ya madini kuuzunguka, na kinga hiyo iunganishwe na plagi za madini pamoja na ardhi. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: hununua waya bora kisha huutia plagi ya plastiki, na kinga ikabaki kuning'inia bila kazi. Vipete vya feraiti hupunguza mvumo unaosalia. Pale ambapo fedha zipo, nyaya za nuru hupandishwa mnarani kubeba data, kwa sababu kioo hakitoi mawimbi ya redio. Hata hivyo umeme bado hupanda kwa waya wa kawaida na huhitaji kuchujwa. Ili kumjua mkosaji, fundi husikiliza ishara dhaifu kwenye ripita huku kifaa kimoja kimoja kikizimwa. Ikiwa ishara inajitokeza mara tu waya fulani unapochomolewa, hakuna haja ya mjadala.

Yapo mengine ya kuangaliwa. Kutu kwenye maungio ya chuma huweza kuchanganya mawimbi ya vituo viwili na kuzaa la tatu lisilotakiwa. Kisahani kikubwa hushika upepo, na kasi ya upepo ikiongezeka maradufu msukumo wake huwa mara nne. Kuhusu radi, ambayo wakazi wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuelezwa, vifaa vyote sharti viunganishwe na mfumo mmoja wa ardhi. Kila jirani akichimba wake bila kuuunganisha na wa mwenzake, umeme wa radi hutafuta njia kupitia mitambo yao.

Sheria nayo ina mpaka wake. Kanuni za kimataifa hufafanua redio ya ridhaa kuwa huduma ya watu wasiotafuta faida ya fedha, kwa hivyo kampuni haiwezi kupitisha intaneti ya wateja wake katika masafa ya ridhaa hata kama mnara ni wa wanaredio. Kinyume chake kinaruhusiwa katika nchi nyingi: ripita huunganishwa kupitia intaneti kwa mifumo kama IRLP, ulioanzia Kanada mwaka wa 1997, na EchoLink, uliotoka mwaka wa 2002. Mara nyingi hiyo ndiyo kodi yenyewe. Chama hutoa nafasi mnarani, kampuni hutoa intaneti.

Nchini Marekani vifaa visivyo na leseni haviruhusiwi kuvuruga huduma zenye leseni. Mwanaredio ana haki hiyo mkononi, lakini iwapo mnara ni wa kampuni, akiidai kwa ukali huenda akashinda kesi na kupoteza mlima. Kwa maoni ya mwandishi, karatasi moja iliyotiwa saini mapema ina nguvu zaidi. Iseme nani huruhusiwa kupanda, nani huzima kirushio mtu akiwa juu, na kwamba anayekuja baadaye ndiye anayerekebisha kelele aliyoileta. Pamoja nayo pawe na vipimo vya usikivu wa ripita, vilivyochukuliwa siku moja kabla ya kisahani cha kwanza kupandishwa.