Mwendo, pigo na saa katika muziki wa mashine

mwendo *nm* mi- [u-/i-] 1. namna ya kwenda. 2. *(muziki)* kasi ya kufuatana kwa mapigo: *Wimbo huu una mwendo wa mapigo 120 kwa dakika.*

*Linganisha:* pigo, mdundo, ruwaza, hatua, saa.

Ufafanuzi

Sikwensa ni mashine inayohifadhi noti katika mpangilio unaojirudia, yaani ruwaza, kisha kuziamuru ala zipige. Haihifadhi sauti, bali maagizo: noti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani, na ikome lini. Kwa hiyo husemwa *kurekodi noti*. *Kurekodi sauti* ni kazi ya kinasa sauti.

Noti hurekodiwa kwa njia mbili. *Kurekodi kwa kupiga* ni kucheza huku mashine ikienda, nayo ikatunza wakati wa kila noti, au ikaivuta hadi hatua iliyo karibu. *Kurekodi kwa hatua* ni kuingiza noti mojamoja. Hapo wepesi wa vidole hauhusiki.

Tahadhari kwa wafasiri

Mashine mbili zikiunganishwa kwa MIDI, mfumo uliotangazwa mwaka 1983, moja huongoza na nyingine hufuata. Kinachopita baina yao mara nyingi hufasiriwa *saa*. Tafsiri hiyo hupotosha: mwanafunzi huanza kutafuta mahali pa kuweka saa na dakika, ilhali hapana.

Mfano wa karibu upo kwa Wasukuma wa Shinyanga, Geita na Mwanza. Katika bugobogobo, ngoma ya kilimo, wakulima hujipanga na majembe yao na ngoma huwaongoza. Mpigaji hawaambii ni saa ngapi. Huwaonyesha jembe lishuke lini. Akiharakisha, nao huharakisha. Sikwensa inayoongoza hufanya vivyo hivyo: hutuma *ishara za mwendo*, pamoja na amri za kuanza, kuendelea na kusimama. Ishara hizo hazibebi noti wala tarakimu ya kasi. Mashine inayofuata hutambua kasi kwa jinsi zinavyofuatana.

Neno *saa* lina mahali pake. MIDI ina msimbo mwingine ambao kweli hubeba saa, dakika, sekunde na fremu, nao hutumiwa kuoanisha muziki na picha za filamu. Huo ndio *msimbo wa saa*. Mfasiri asiyetenganisha viwili hivi humwachia msomaji maelekezo yasiyotekelezeka.

Pigo si ishara

Kila pigo, kwa maana ya robo noti, hupewa ishara 24. Kuandika "mapigo 24" ni kosa: kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ishara ni 48 kila sekunde, bali mapigo ni mawili tu.

Idadi ya 24 inafaa kwa sababu hugawanyika kwa nne na kwa tatu. Pigo likigawanywa mara nne, kila hatua huchukua ishara 6. Ruwaza ya hatua 16 hutimia kwa ishara 96. Likigawanywa mara tatu, kila hatua huchukua ishara 8. Ruwaza ya hatua 12 nayo hutimia kwa ishara 96. Ruwaza hizo mbili huanza na kumalizika pamoja. Jambo hili ni muhimu kwa anayerekodi ngoma zenye mgawanyo wa tatu. Akiziingiza katika hatua 16, kisha akaruhusu mashine izivute noti, mdundo hupindika na wachezaji hawautambui. Dawa ni kubadili mgawanyo na idadi ya hatua kabla ya kurekodi. Kuongeza au kupunguza mwendo hakusaidii.

Mifano ya matumizi

*Fundi wa studio pale Kambarage, Shinyanga, alirekodi ruwaza ya ngoma kwa hatua 12.* (si: *kwa mapigo 12*)

*Mashine ya pili inafuata mwendo wa ile ya kwanza.* (si: *inafuata saa*)

*Mdundo umebaki uleule, ila mwendo umepungua kutoka mapigo 120 hadi 90 kwa dakika.* (mdundo ni mpangilio wa mapigo yenye mkazo na yasiyo na mkazo, mwendo ni kasi yake)