Dikoda ya sauti (treni za mfano)

Dikoda ya sauti ni kibao cha elektroniki kinachofungwa ndani ya kichwa cha treni ya mfano ili kipokee amri za kidijitali na kutoa milio ya injini halisi: mvuke, dizeli, honi, breki. Kazi ya kuifunga ni ngumu zaidi katika skeli ya N, yenye uwiano wa 1:160 (Uingereza 1:148) na njia ya upana wa milimita 9. Skeli ya Z, ambayo kampuni ya Märklin ya Ujerumani iliitoa mwaka 1972, ni ndogo zaidi: 1:220, njia ya milimita 6.5.

Amri husafiri relini pamoja na umeme kwa mfumo wa DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kanuni ya pamoja na chama cha Marekani cha NMRA katika miaka ya 1990. Waya nyekundu na nyeusi huenda relini, ya chungwa na ya kijivu kwenye mota. Mota isigusane na reli kwa njia nyingine yoyote. Vichwa vingi vya zamani vya N vina chasisi ya chuma iliyogawanyika nusu mbili, kila nusu ikipeleka umeme wa reli yake hadi kwenye brashi ya mota, hivyo fundi hana budi kuzihami brashi hizo kabla ya jambo lolote. Asipofanya hivyo, dikoda huweza kuungua mara treni inapowashwa. Vichwa vipya vyenye soketi ya Next18, ya pini 18, havina adha hiyo, na nyaya za spika hupita humo humo. Soketi ya zamani ya pini 6 haina nafasi ya spika. Nyaya za spika hulehemiwa kando.

Fedha nyingi huishia kwenye dikoda, ilhali sauti huamuliwa na spika. Utando wa spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja. Mawimbi ya nyuma yakikutana na ya mbele, hufutana. Ndiyo maana spika hufungiwa kisanduku kisichopitisha hewa. Bila kisanduku, dikoda ya bei ghali hulia kama nyuki ndani ya kopo. Spika za jamii ya zile za simu za mkononi, za milimita 11 kwa 15 au 8 kwa 12, ndizo zinazopendwa. Besi hazina, na kuongeza sauti hakuleti besi bali mikwaruzo. Afadhali kuipunguza.

Katika injini ya mvuke, spika hukaa vizuri kwenye behewa la makaa. Katika dizeli, mara nyingi hubidi kukata sehemu ya chuma cha uzito, na kichwa kilichopungua uzito huvuta mabehewa machache na hushika umeme vibaya. Uchafu kidogo relini hunyamazisha injini, kisha mlio huanza upya kana kwamba imewashwa sasa hivi. Kapasita za tantali huziba pengo hilo la umeme pakipatikana nafasi.

Mlio wa mvuke lazima ufuate magurudumu. Injini ya silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, ya silinda tatu mara sita. Vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt, kama vile vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, vina injini mbili chini ya bwela moja, na mipumuo yake hukutana na kuachana njiani. Dikoda yenye mpumuo mmoja tu haiwezi kuiga hilo.

Jaribio la kwanza hufanywa kwenye reli ya kuprogramia, ambako mkondo wa umeme ni mdogo, kabla bodi ya kichwa haijarudishwa. Dikoda ikijibu kwa namba ya kiwandani, 3, nyaya za reli na mota kwa kawaida ziko sawa. Spika husikilizwa baadaye kwenye njia kuu, kwani dikoda nyingi za sauti hukaa kimya zikiwa kwenye reli ya kuprogramia.