GG Kariuki: Kutoka gari la Rais hadi kiti cha seneta kisicho na hazina

Bunge la Kitaifa lilipopitisha, mwaka 2025, mswada wa kuingiza hazina ya maeneobunge, NG-CDF, ndani ya Katiba, maseneta nao walikuwa wametengewa fungu lao humo: hazina ya kuwasaidia kufuatilia fedha zinazotumiwa na kaunti. Redioni na mitandaoni watu walizozana kuhusu pesa tu. Nani atapata ngapi, nani atatia saini. Historia ya kiti chenyewe haikupewa nafasi, ingawa mvutano kati ya mabunge yetu mawili una umri mkubwa kuliko wengi wanaoupigania.

Anayefaa kutufunulia historia hiyo ni marehemu Godfrey Gitahi Kariuki, aliyejulikana nchini kote kwa herufi mbili tu: GG. Alifariki Juni 30, 2017, akiwa seneta wa Laikipia. Aliingia Bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1963, kijana wa miaka ya ishirini, na bungeni humo humo akashuhudia Seneti ya kwanza ikizikwa.

Seneti ile ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi, na Spika wake alikuwa Timothy Chokwe. Ilizaliwa kwenye mazungumzo ya Lancaster House ili vyama vya jamii ndogo, KADU hasa, viwe na ngome ya kulinda majimbo. KADU ilijivunja Novemba 1964, na kuanzia hapo ngome ikabaki bila askari. Kufikia mwisho wa 1966 mabunge mawili yalikuwa yameunganishwa. Maseneta hawakupinga sana, na sababu yake iko wazi: maeneobunge yaliongezwa kutoka 117 hadi 158, yaani viti vipya 41, idadi ile ile ya waliokuwa wakifungiwa mlango. Isitoshe, maisha ya Bunge yakarefushwa. Waliletwa kuyalinda majimbo, wakaondoka na maeneobunge. GG alikuwa upande wa pili, katika Bunge la Wawakilishi, akiwakilisha Laikipia.

Na Laikipia si mahali rahisi pa kuwakilisha. Ni uwanda wa kilomita mraba zipatazo 9,500 kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambako Wamaasai walihamishiwa kwa mkataba wa 1904 wakiahidiwa kuwa hawatasumbuliwa tena, kisha wakaondolewa kwa mkataba wa 1911 ili walowezi wapate ranchi. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa. Baada ya uhuru wakaja wakulima wadogo, wengi wao Wakikuyu walionunua mashamba kupitia kampuni na vyama vya ushirika. Ranchi kubwa zikabaki. Wafugaji wakabaki nao, wakizitazama nyasi ng'ambo ya ua. Hata mji wa Nyahururu, ulio ndani ya Laikipia, kwa miaka mingi ulikuwa na ofisi za wilaya jirani ya Nyandarua, na hadi leo ukiuliza kwa sauti ni mji wa nani, hukosi mtu wa kubishana nawe.

Lakini jina la GG halikukua kwa sababu ya nyasi. Lilikuzwa na urithi wa Ikulu.

Septemba 1976, mkutano ulifanyika Nakuru wa vigogo waliotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike urais kwa siku 90 iwapo Mzee Kenyatta angefariki. Kila mtu alijua aliyelengwa ni Daniel arap Moi. Miongoni mwa waliolipigia debe wazo hilo kwa nguvu alikuwa Dickson Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru Kaskazini na kinara wa kampuni ya kununua mashamba ya Ngwataniro. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawanyamazisha mwezi uliofuata: kuwazia kifo cha Rais ni kosa linaloweza kumfikisha mtu kitanzini. GG alisimama na Moi na Njonjo.

Kenyatta alipofariki Mombasa Agosti 22, 1978, dau hilo lililipa. Moi akawa Rais, GG akawa Waziri katika Ofisi ya Rais akishughulikia usalama wa ndani. Waliokuwa watu wazima enzi hizo hawahitaji kitabu ili kukumbuka taswira iliyowashangaza Wakenya: gari la Rais likipita, na ndani yake Moi, Njonjo na GG. Mbunge wa Laikipia kwenye gari moja na Rais! Mawaziri wenye miaka mingi ya utumishi walifuata nyuma katika msafara, na bila shaka kuna waliohesabu kila safari. Nchini mwetu siasa husomwa kwa kiti cha gari kuliko kwa Katiba, na kiti kile kilimpa GG maadui ambao hakuwahi kukosana nao.

Mwaka 1982 akahamishiwa Wizara ya Ardhi. Kisha Mei 1983, akiwa Kisii, Moi akatangaza kuwa kuna mtu anayeandaliwa na mataifa ya kigeni achukue urais. Hakumtaja. Kwa majuma kadhaa nchi nzima ilisaka "msaliti", kila mwanasiasa akiapa kuwa si yeye. Ni waziri Elijah Mwangale aliyemtaja Njonjo ndani ya Bunge, na Jaji Cecil Miller akaongoza tume ya uchunguzi. Mti mkubwa ulipoanguka, ndege wote waliokuwa matawini walipigwa mawe. GG alipoteza kiti katika uchaguzi wa Septemba 1983, na mwaka uliofuata chama tawala, KANU, kikamfukuza. Njonjo alisamehewa na Rais Desemba 12, 1984. GG akabaki nje.

Vyama vingi viliporudi, Laikipia Magharibi ilimchagua mwaka 1992 Kihika Kimani, yule yule wa mkutano wa Nakuru. GG aliandika kumbukumbu zake, zikatoka mwaka 2001, akarejea Bungeni 2002 kwa tiketi ya NARC, na 2007 akabwagwa na Nderitu Muriithi.

Katiba ya 2010 iliifufua Seneti: maseneta 47 wa kaunti na 20 wa kuteuliwa, wakianza vikao KICC Machi 2013. Safari hii GG alikuwa ndani. Wenye nywele nyeupe waliingia wakidhani ni baraza la wazee lenye meno. Walipewa kugawa fedha za kaunti na kusikiliza mashtaka ya magavana. Martin Wambora wa Embu walimng'oa Februari 2014, na mahakama ikamrudisha. Lakini mjane anayetafuta karo hajui kifungu cha 96 cha Katiba. Anajua mbunge ana CDF, gavana ana bajeti, na seneta wa Laikipia, anayewakilisha kaunti nzima yenye maeneobunge matatu, ana salamu. Naona ni dhuluma kumtuma mtu asimamie mabilioni bila kumpa hata nauli ya kuyafuata.

GG alifariki mwaka ambao ranchi za Laikipia zilivamiwa na wafugaji wenye silaha, watu wakauawa, mifugo ikapigwa risasi. Mzozo wa 1911 ulikuwa umemkuta kazini mwaka 1963 na ukamwacha hapo hapo. Kiti chake kilichukuliwa mwaka huo na John Kinyua, aliyekitetea tena 2022. Jirani Nakuru, seneta aliyechaguliwa 2017 alikuwa Susan Kihika, bintiye Kihika Kimani. Yeye hakukaa sana: 2022 aligombea ugavana, palipo na bajeti, akashinda.